Soprano wa Foleni ya Sabuni

Juzi nilikuwa dukani Mwigobero kwenye foleni ya sabuni, ambako tunawekaga mawe yatushikie nafasi. Mama mmoja wa kwaya yetu, aliyeshushwa kutoka soprano hadi alto eti koo limezeeka, alikuta jiwe lake limesukumwa pembeni. Mahali pake limekaa la mwalimu wa kwaya. Mama akashika kiuno, akapiga ukelele mwembamba wa juu kabisa mpaka wauza dagaa wakaacha kupima.

“Nani kagusa jiwe langu?”

Mwalimu, aliyekuwa kivulini hapo pembeni, akavua kofia. “Mama, Jumapili rudi soprano.”

“Kwanza ondoa jiwe lako!”

Akaliondoa. Jumapili mama aliimba juu, kanga yake inang’aa. Ila nasikia sabuni zitajaa madukani karibuni, foleni ziishe na ugomvi wa mawe uishe. Sasa hiyo sauti tutaitunzaje, jamani?