Gari la Alfajiri Lilipoondolewa

Kwa miaka sita nilikwenda kazini kwa gari la alfajiri. Lilitoka Njinjo kungali giza, likapita kwetu Mitole watu wakitoka msikitini, na kabla ya saa moja na nusu nilikuwa nimeshavaa sare yangu wodini, Kivinje. Mimi ni mhudumu katika wodi ya wazazi. Nabadilisha mashuka, nasafisha vitanda, nawashika mkono akina mama wanaojifungua kwa mara ya kwanza. Kazi hii ina sharti moja ambalo halina mjadala: mwenzangu aliyekesha haondoki mpaka mimi nifike.

Jumamosi moja kondakta alitutangazia kwamba kuanzia Jumatatu gari la alfajiri halipo, na lile la kuturudisha jioni halipo pia. Mwenye magari alikuwa ameyahamishia barabara ya Lindi, kwenye abiria wengi. Sisi tungebaki na gari la saa sita mchana.

"Saa sita mchana mimi nakwenda kumfundisha nani?" akauliza mwalimu wa hisabati, ambaye siku zote alikaa nyuma ya dereva.

"Mwalimu, gari si langu," kondakta akajibu, akaendelea kukata tiketi.

Mwalimu alipanga chumba Nangurukuru wiki hiyo hiyo. Mimi nisingeweza. Naishi na mama yangu, ambaye miguu yake imechoka. Mchana jirani humchungulia, lakini jioni lazima niwepo nimpikie na kumwogesha. Basi nikaanza kupanda bodaboda, na ilikuwa masika. Siku ya pili tuliteleza kwenye tope, nikafika wodini sketi imelowa mpaka kiunoni. Siku ya nne dereva hakutokea kabisa. Nilipofika, saa tatu ilikuwa imepita, na mwenzangu wa usiku alikuwa amekaa kwenye benchi akijikamua maziwa kwenye kikombe. Alikuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Umefika," akachukua mkoba wake. Afadhali angenigombeza.

Metroni aliniita ofisini. "Dada, mimi nakuelewa," alisema, "lakini zamu haikuelewi. Ukichelewa tena nitaandika barua."

Usiku ule nilimweleza mama. Alinisikiliza, akaomba maji, akanywa.

Hapa inabidi nimtaje kaka yangu. Nyumba yake iko upande wa pili wa shule, na ana kirikuu, kigari kidogo cha kubebea mihogo na ndizi kila asubuhi kuzipeleka Nangurukuru. Tulikuwa na miaka mitatu hatusemezani. Baba alipofariki mimi nilikuwa Lindi, namuuguza shangazi, na nilipofika jioni nilikuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakula. Nilimwambia kaka maneno mbele ya wageni ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Tangu siku hiyo alikuja kumwona mama mimi nikiwa kazini tu. Nikirudi nilikuta mkungu wa ndizi barazani, nikajua alikuwepo. Kumwomba lifti hakukunijia hata mara moja.

Alfajiri iliyofuata nilisimama barabarani na mwavuli. Dereva wa bodaboda alikuwa ameahidi, na hakuja. Kirikuu ikaja, ikanipita kidogo, ikasimama. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

"Panda," kaka akasema.

"Nasubiri bodaboda."

"Kwa mvua hii haji mtu. Mama amenipigia simu usiku, ameniambia habari za barua. Panda."

Nilifunga mwavuli, nikapanda. Na kwa kuwa nilikuwa nimeketi kwenye gari lake, na yeye ni mkubwa wangu, ilibidi niseme neno ambalo nilikuwa nimemnyima miaka mitatu.

"Shikamoo, kaka."

Akaingiza gia. "Marahaba."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu siku hiyo. Aliniteremsha Nangurukuru na nikaunga gari jingine mpaka Kivinje, nikafika saa moja kasoro. Mwenzangu aliangalia saa ya ukutani, kisha akaniangalia mimi, akacheka. Aliwahi nyumbani mtoto hajaamka.

Tulikwenda hivyo karibu wiki mbili, tukizungumzia mvua na bei ya mihogo. Jioni alinisubiri stendi, hata siku alizomaliza kuuza mapema. Kisha jioni moja, tukiwa tumesimama kupisha lori lililokwama, alizima injini na kuanza kusema bila kuniangalia.

"Siku ile ya baba. Nilikupigia simu, haikupatikana."

"Najua. Nilikuta umepiga."

"Wazee walisema maiti asicheleweshwe. Hiyo ni kweli. Lakini ningewaomba wasubiri mpaka jioni, wangekubali. Sikuomba." Alifuta kioo kwa kiganja ingawa hakikuwa na ukungu. "Nilikuwa nimemuuguza miezi miwili peke yangu. Nilitaka iishe. Hapo nilikukosea, na nimekuwa naogopa kukwambia."

Miaka yote ile nilikuwa nimemwandalia majibu mengi makali, na yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayejitetea. Hilo sikulitegemea. Nikamwambia, "Na mimi sikukuuliza hata mara moja ile miezi miwili ilikuwaje." Kisha nikalia, na yeye akaacha nilie mpaka lori likanasuliwa. Alipowasha gari nikagundua nina njaa. Tulisimama njiani tukanunua chapati, tukala tukiwa tunakwenda.

Msimu wa korosho ulipoanza, abiria wakawa wengi tena, na mwenye magari akarudisha gari la alfajiri. Mwalimu alirudi kwake na siti yake. La jioni halijarudi mpaka leo, kwa hiyo asubuhi napanda gari na jioni narudi na kaka. Metroni hakuandika barua.

Siku yangu moja ya mapumziko, kaka alikuja na mapanga mawili na tukaenda makaburini. Sikuwa nimewahi kufika pale tangu mazishi. Alinionyesha upande wa kichwa na upande wa miguu, tukafyeka majani, tukasoma dua. Aliniambia baba siku za mwisho alikuwa anakataa uji na kudai apewe samaki, na kwamba alikuwa anamtania kaka kuwa hajui kupika. Nilicheka pale pale kaburini, naye akacheka. Tuliporudi mama alikuwa amekaa mlangoni, akatutazama tulivyokuja pamoja na mapanga yetu, akauliza kama tumekula.