Nati Sita za Tairi la Akiba

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi ambayo hunirudia kila ninaposikia chuma kidogo kikigonga ndani ya kopo. Nilikuwa na umri kama wako, nina cheti cha kidato cha nne na leseni ya miaka miwili, na niliamini kwamba kitu nisichokijua bado hakijatengenezwa.

Jana ulipolileta gari lako hapa nyumbani Katubuka na kunionyesha rimu zake za spoti zinavyong'aa, nilichuchumaa nikachungulia chini kwa nyuma. Ulicheka ukamwambia mama yako kwamba mzee anataka kukagua hadi matope. Nilikuwa naitafuta spea, lile tairi la akiba. Nikaiona, rimu ya chuma, nyeusi, ya kawaida. Nikakuuliza nati zake ziko wapi, ukanijibu, "Baba, si hizi hizi?" Nikaingia ndani. Hukunikosea. Jibu lake ni refu, na sehemu yake kubwa inanitia aibu, ndiyo maana nimeona heri nikuandikie.

Nilikuwa dereva wa ofisi moja hapa mjini. Mkuu wetu wa madereva alikuwa Mzee Bukuru, aliyekuwa akiishi Ujiji, mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Kabla ya kuwasha gari lolote alilizunguka kimya kimya, akigusa hapa na pale kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Sisi vijana tulimwita Daktari, akiwa hayupo.

Gari nililokabidhiwa lilikuja na rimu za chuma. Baadaye likavalishwa rimu za aluminiamu, na rimu hizo zilikuja na nati zake: ndefu, zenye shingo iliyonyooka na washa bapa kama kola ya shati. Rimu moja ya zamani ikabaki kuwa ya spea. Mzee Bukuru akachagua nati sita za zamani, zile fupi zilizochongoka upande mmoja, akazifunga kwenye kitambaa, akazitia ndani ya kopo la maziwa na kulisukuma chini ya kiti changu.

"Hizi ni za spea," aliniambia. "Siku ukiivaa spea, ivae na hizi."

Nikasema ndiyo, Mzee. Lakini alipoondoka nilichukua nati ya zamani nikaijaribu kwenye boliti ya gari, ikaingia. Nikachukua mpya, nayo ikaingia kwenye boliti ile ile. Uzi wake, ile mistari ya ndani, ulikuwa mmoja. Nikaamua kwamba mzee ana mazoea ya zamani tu. Angalia kosa lilivyoanza, mwanangu. Mtu mvivu asingejaribu kabisa. Mimi nilijaribu, nikapata jibu la kweli, na jibu hilo la kweli ndilo lililonidanganya, kwa sababu nilitazama ndani ya nati na sikutazama nje yake, pale inapokutana na rimu.

Kitambaa kikachakaa, na kopo likaanza kunipigia kelele njia nzima. Jumapili moja nikapita Kibirizi, kando ya ziwa, kumsalimia shangazi yako. Mumewe Sadiki alikuwa amekaa mchangani kando ya mtumbwi akitengeneza wavu wa kutega, na kona moja ya wavu ilikuwa imepungukiwa na vizito. Unajua wavuvi wetu. Kizito cha dukani kikikosekana hufunga chochote kizito, kipande cha nondo, jiwe lenye tundu, boliti kuukuu. Akanitania kwamba shemeji anaendesha gari kubwa kama nyumba na halina hata chuma kimoja cha kumfaa mvuvi. Nikacheka, nikalivuta kopo, nikammiminia nati zote sita mkononi, nikamwachia na kopo. Tundu tayari zilikuwa nalo. Akapitisha kamba, akazifunga moja baada ya nyingine, na mimi nikaondoka na gari lililo kimya, nikijiona mtu mkarimu.

Mwezi haukuisha. Tulikuwa tunarudi kutoka Kasulu, mimi na Mama Lyimo, mkaguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, mama mpole aliyependa kukaa kiti cha mbele ili aione nchi. Lami haikuwepo wakati ule. Kabla ya kufika Kidahwe tairi la nyuma kushoto likapata pancha. Nikashusha spea, nikapiga jeki, nikaivalisha rimu ya chuma na zile nati za rimu za aluminiamu. Zikakazika vizuri. Nilikanyaga spana hadi ikalia.

Mama Lyimo alikuwa amesimama pembeni na mwavuli wake. Akasema taratibu, "Kijana, mbona hizi hazijazama kama zile za upande ule?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba uzi ni ule ule, mama, usiwe na wasiwasi. Akasema sawa, wewe ndiye dereva. Neno hilo bado linanichoma.

Tundu la rimu ile, mwanangu, lilikuwa limechongwa kama bakuli dogo, na nati yake imechongoka ili iingie ndani ya bakuli hilo ilishike pande zote na kuliweka gurudumu katikati. Nati zangu za washa bapa zilikaa juu ya mdomo wa bakuli tu, kama sufuria pana juu ya jiko dogo. Ukilisukuma kwa mkono halitikisiki. Safari ndiyo huliangusha.

Tulipita Kidahwe. Gari likaanza kutetemeka, nikasema ni barabara. Likaanza kugonga, nikasema ni mawe. Mama Lyimo aliniangalia mara mbili na hakusema kitu, kwa kuwa nilikwisha kumfunga mdomo. Tukaingia kwenye mteremko, na katika mteremko ule nikaona tairi likitupita kwa upande wa kushoto.

Nakwambia nilivyowaza, japo utacheka. Niliwaza: tairi la nani hilo? Lilikuwa limesimama wima, linakimbia peke yake kwa adabu kabisa, kama lililotumwa mahali. Ndipo nyuma ya gari ikaanguka chini, chuma kikaanza kulima barabara, na nikapigana na usukani hadi tukasimama tukiwa tumekaa upande, mimi na Mama Lyimo salama. Vumbi likatufunika. Kupitia kioo nikawa bado naliona tairi, likizidi kuwa dogo, na mbele yake, chini ya michikichi, wamekaa akina mama watatu wanaouza mawese.

Nilifungua mlango nikakimbia. Nililiona tairi likiacha barabara, likiruka kidogo ukingoni, likipita katikati ya kibanda chao cha makuti, likigonga mchikichi na kuanguka. Likaendelea kuzunguka pale chini, kama sarafu, muda mrefu.

Nilipofika, akina mama wote watatu walikuwa wamesimama. Hakuna dumu lililomwagika. Mmoja alikuwa amembeba mtoto mchanga kifuani, anautazama mkeka. Mkeka ulikuwa mpana, umetandikwa kivulini, na katikati kulikuwa na kanga iliyokunjwa kama kitanda cha mtoto. Juu ya kanga ile, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kulikuwa na alama ya tairi. Mistari ya vumbi imejipanga, safi, kama imepigwa mhuri.

Yule mama akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Ametoka kunyonya sasa hivi. Ameshiba. Nikamlaza, akaanza kulia. Nikamwambia unalia nini wewe, umeshiba. Nikamwinua."

Mwenzake akanong'ona, "Imana," ambalo kwa Kiha ni jina la Mungu, akakaa chini ghafla.

Mtoto alikuwa amenyamaza. Alikuwa ananitazama. Mwanangu, nimeona ziwa likiinuka hadi boti kubwa zikarudi bandarini, nimeona radi ikipasua mti mbele ya macho yangu, lakini sijawahi kuogopa kwa namna ile, hofu isiyokuwa na kelele ndani yake, mbele ya mtoto aliyelia bila sababu. Nilipiga magoti. Nilitaka kuomba msamaha na badala yake nikasema breki zilikataa. Hata pale, juu ya mkeka ule, nilidanganya.

Lori lililopita likapeleka habari mjini, na alasiri Mzee Bukuru akafika. Aliwasalimia akina mama kwanza, mmoja mmoja, akaushika mkono wa mtoto. Kisha akaenda kwenye tairi, akapitisha kidole ndani ya matundu ya rimu, yaliyokuwa yamelika na kuwa mapana. Akaokota nati moja ya washa bapa. Akaniuliza kopo liko wapi. Nikasema nadhani lilidondoka. Akaitia nati mfukoni.

Kesho yake tuliitwa ofisini kwa mkubwa, na mkubwa akauliza nani alilikagua lile gari. Kabla sijafungua kinywa Mzee Bukuru akasema, "Dereva ni wangu, gari nilimkabidhi mimi. Kama alikuwa hajui, mimi ndiye sikumfundisha." Na mimi niliyekuwa najua, niliyeambiwa kwa maneno wazi, nilitazama viatu vyangu. Kabla ya wiki kwisha wakamwondolea ukuu wa madereva, wakampeleka stoo kuhesabu mipira na betri. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Siku nne sikuweza kula vizuri. Siku ya tano nikatembea hadi Ujiji. Nikamkuta uani kwake anakarabati kiti cha mjukuu wake. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akaninyooshea kigoda. Nikamwambia yote: nati, wavu, swali la Mama Lyimo, breki nilizozisingizia.

Aliendelea kupiga msumari wake hadi ukaisha kuingia. Akasema, "Nilijua pale pale barabarani. Kopo haliwezi kudondoka kutoka chini ya kiti."

Nikamuuliza kwa nini basi alinibebea.

"Ningesema mimi, wewe ungejitetea hadi leo," alisema. "Nimekuachia nafasi ya kusema mwenyewe. Umechukua siku nne. Yule mama wa Kidahwe hakuchukua hata dakika kumwinua mtoto wake."

Mwanangu, nimefokewa na wakubwa wengi, lakini sauti ile ndogo ndiyo iliyoingia ndani. Alinituma vitu viwili tu: nikamwambie mkubwa ukweli, na nikazilete nati.

Kwa mkubwa nilikwenda. Alinisikiliza, akanikata mshahara na kunipa onyo kali, nililostahili. Lakini kuhusu mzee alisema uamuzi umekwisha kupita. Mzee Bukuru akamalizia kazi stoo, na waliomuaga siku ya kustaafu walimuaga kama mtunza stoo. Nilikuwepo. Hilo ndilo sijapata kulirekebisha.

Kibirizi nilifika asubuhi, mitumbwi ikirudi. Sadiki aliposikia habari hakunitania tena. Tuliushusha wavu mchangani, nikakata kamba moja moja. Nati nilizompa zikiwa zimeshika kutu zilikuwa zimesuguliwa na mchanga wa ziwa zikawa nyeupe kama meno. Nikahesabu tano. Kipande cha kona ile ya wavu kilikuwa kimekatika wakati wa upepo, kikazama na nati ya sita huko chini kusikofikika. Nilisimama ukingoni nikilitazama ziwa hadi Sadiki akanishika bega. Nilikuwa nawaza kwamba katika vitu nilivyovitoa kwa kicheko dakika moja, kimoja hakuna mtu atakayekirudisha.

Mzee akazipokea tano, akazitia ndani ya lile kopo, nililolichukua kwa Sadiki, akanirudishia. Gari likanunuliwa seti mpya. Hizi zikabaki kwangu.

Kila nilipopita Kidahwe baada ya pale nilisimama kununua mawese. Yule mama nilimwambia ukweli kuhusu breki. Alinijazia chupa, akasema, "Basi na wewe ulee vizuri hicho chuma chako." Mtoto ni msichana. Alikua akiniita Baba Tairi, na wenzake wakicheka, na mimi nikiitika. Sasa ana watoto wake, na bado ananiamkia kwa jina hilo.

Haya, mwanangu. Kabla hujaondoka na gari hilo kwenda popote, ishushe spea yako mchana, hapa uani. Weka nati kwenye tundu la rimu kwa mkono, bila spana, uone inavyokaa. Iliyochongoka itake tundu lililochongoka, ya mviringo itake la mviringo, ya washa bapa ikae penye ubapa. Kama haizami, usiilazimishe. Nenda kanunue zake, uziweke ndani ya gari, na usimpe mtu hata akiwa shemeji. Ukikaza, kaza kwa kupishana, moja na ile inayoielekea upande wa pili, kisha ukienda mwendo kidogo simama ukaze tena. Abiria wako akikuuliza swali, shuka ukaangalie. Aliyekaa pembeni huona usichokiona. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Siku nne zangu zilimgharimu mtu jina lake.

Kopo nimekuwekea chini ya kiti chako. Nati zilizomo ni tano na hazitoshi gurudumu lolote, kwa hiyo usizitafutie kazi. Zitakupigia kelele njia nzima. Ziache.

Mungu akutangulie mbele ya kila mteremko. Akupe masikio ya kusikia gari linapokuambia, na ulimi mwepesi wa kukiri. Na pale utakaposhindwa, kama nilivyoshindwa mimi, awepo mtoto atakayelia bila sababu, na mama atakayemwinua.