Beki Asiyekaa Nyuma

Mwinjuma alikuwa na uchovu wa aina mbili, na alijua kuutofautisha. Wa kwanza ulikuwa wa kiwandani, Washwood Heath, alikokuwa akichomelea bodi za magari ya mizigo tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi. Huo aliuoga ukatoka. Wa pili ulikuwa wa uwanjani, uchovu wa kusimama pembeni kila wikiendi akitazama mabinti wa watu wakicheza mpira wa magongo, kisha kuamua nani ana kipaji na nani anajisumbua. Huo haukuwa na sabuni.

Waingereza kazi ya namna hii huiita kujitolea. Kwetu tungeiita kujitakia. Mkewe, Jokha, hakuwa na jina la kuiita, ila alikuwa na swali.

"Baba Faisal, kwani Birmingham nzima hakuna wazee wengine?"

"Wapo. Lakini hawaoni."

"Na wewe unaona? Jana miwani yako nimeikuta kwenye friji."

Mwinjuma akacheka bila sauti, akavaa koti, akaenda. Angejibu nini? Ujanani kwao Unguja alikuwa beki, na si beki wa kubahatisha. Mwalimu wake wa hoki, mzee mkali asiyejua kusifu, alikuwa akiwaambia kwamba beki ni mlinzi wa nyumba, na mlinzi haachi mlango akaenda harusini. Mwinjuma aliyashika maneno hayo kama watu wanavyoshika dua. Alicheza miaka mingi bila kuvuka nusu ya uwanja, akazeeka nayo, na bado aliamini hivyo.

Sasa mwaka huo wa 2007, Bethuel akampigia simu. Bethuel alikuwa Mkenya wa Kakamega, mwalimu wa michezo, mwenyekiti wa kamati ya kuteua timu ya mabinti ya kanda. Timu ilikuwa imekamilika isipokuwa nafasi moja ya beki. Atakayeipata angecheza mbele ya watu wa timu ya taifa kiangazi hicho. Atakayeikosa angebaki shujaa wa uwanja wa shule, na mashujaa wa uwanja wa shule wamejaa tele kwenye maghala, wakipanga maboksi.

"Mzee, kuna msichana hapo Saltley," alisema Bethuel. "Mkongo. Anaitwa Fortunée. Ni defender lakini ana magoli kuliko mastraika wote. Wenzangu kwa kamati wengine wanampenda, wengine wanasema ni hasara. Enda umwangalie, uniambie kama huyo ni beki ama ni straika amepotea njia."

"Na ukimkosa yeye?"

"Kuna Charity. Hana makosa, hana maajabu. Wewe sema tu, mimi nitaandika."

Basi Mwinjuma akaenda. Mvua ilikuwa ile ya Birmingham, isiyonyesha wala isiyoacha. Fortunée alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, shingo imenyooka, na gongo lake limefungwa kitambaa chekundu pale linaposhikwa. Mpira wa kwanza alioupata nyuma hakuupiga. Aliondoka nao. Akampita mmoja, wa pili akamwacha anageuka kama mtu aliyeitwa jina, akaingia eneo la hatari akaupachika wavuni. Walimu pembeni wakapiga makofi. Mwinjuma hakupiga. Yeye alikuwa anatazama nyuma, kwenye shimo aliloliacha, na moyoni akasema: mlinzi huyo, kaenda harusini.

Haikuchukua muda. Safari ya pili Fortunée alinyang'anywa mpira mbele huko, wapinzani wakashuka nao. Mwinjuma akamtazama yeye tu. Hakukimbia kurudi. Alitembea. Bao likaingia, na yeye alikuwa bado katikati ya uwanja, mkono kiunoni.

Jambo hilo lilimuudhi Mwinjuma kuliko mvua. Kipaji alikuwa amekiona kingi maishani, na kingi kilimchosha. Kila mwenye kipaji hudhani kuna mtu mwingine amepewa kazi ya kufagia nyuma yake. Mchezo ulipokwisha alimfuata. Akamwamkia kwanza, kwa vile binti alikuwa ameinama anafungua viatu na hakumwona, kisha akamuuliza bila kuzunguka.

"Mwanangu, kwenda unajua. Kurudi je? Mbona ukipoteza mpira hurudi?"

Fortunée akanyanyua uso. Alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuulizwa maswali na watu wa ofisi za uhamiaji.

"Papa, nikirudia mbio nyuma ya ile balle, sitaifikia. Iko na mbio kunipita. Mi nasimamaka pale itapita."

"Leo haikupita."

"Leo nilikosea," akasema. Hakuomba radhi.

Njiani kurudi nyumbani, ndani ya basi lililonuka makoti mabichi, Mwinjuma alilitafuna jibu hilo. Lilikuwa jibu la jeuri au jibu la mchezaji, na hakujua lipi. Mtu mwingine angekwisha andika "mvivu" akalala. Lakini yeye ana ila moja: hawezi kusema asilolijua. Wikiendi iliyofuata akaenda tena, na iliyofuata tena, Jokha akamwambia huyo binti sasa atamletea mwaliko wa harusi.

Mara hizo hakutazama mpira. Alitazama miguu ya Fortunée mpira ukiwa mbali, na hapo akaanza kuona. Binti alipopoteza mpira alikuwa kweli anatembea, lakini alitembea kwa mshazari, macho kwa yule wa upande wa pili ambaye hajapewa pasi bado. Pasi ilipopigwa, yeye alikuwa amesimama katikati ya njia yake. Kati ya mara kumi angeukata mpira mara saba, halafu anaondoka nao tena kwenda mbele, na wale waliokuwa wakishambulia wanabaki wamegeuza migongo. Hakuwa ameacha mlango wazi. Alikuwa amehamisha mlango.

Mwinjuma akakaa kwenye benchi lenye maji, suruali ikalowa, asijali. Miaka yote ile aliyosimama nyuma akilinda! Hakuna aliyemzuia kwenda. Alihuzunika, na huzuni yenyewe ilikuwa imechoka kama mwenyewe. Akampigia Bethuel hapo hapo.

"Ni beki," alisema. "Atakutia presha, na mara nyingine utafungwa kwa sababu yake. Lakini ni beki, tena sijaona kama yeye. Kwangu mimi anatosha."

"Umesema?"

"Nimesema. Anatosha."

Bethuel akafurahi. Kamati ikakaa, ikakubali. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mzazi aletewe ujumbe wa simu, aliyechukuliwa na asiyechukuliwa, na waliochukuliwa wakutane Jumapili mchana, kama wote walivyokwisha kutangaziwa, kukabidhiwa jezi. Kwa wazazi wengine Bethuel aliandika Kiingereza. Kwa mama yake Fortunée aliona amtendee wema, amwandikie kwa lugha yake apate kufurahi vizuri. Akaandika kama Mkenya yeyote angeandika, maana neno "tosha", la kumsifu mgombea kwamba ndiye anayefaa, tangu uchaguzi wa 2002 lilikuwa kwenye kila ukuta kwao: *Mama habari. Kamati imeamua. Fortunée tosha! Asanteni sana.*

Jumapili Fortunée hakutokea. Mabinti walipanga mstari, jezi zikagawiwa, jezi moja ikabaki juu ya meza. Bethuel akatazama saa, akapiga ile namba, simu imezimwa. Akamgeukia Mwinjuma.

"Huyo wako hajakuja."

"Atakuja."

"Mzee, sheria ni sheria. Nimemwita Charity, wanakaa hapa karibu." Na kweli, baada ya muda mfupi Charity akafika na wazazi wake, amevaa tabasamu kabla ya jezi.

Mwinjuma angeweza kuyaacha hapo. Goti lilimuuma, na kesho yake kulikuwa na kazi alfajiri. Tena sauti moja ndani yake ilimwambia: si ulimuuliza kama anajua kurudi? Lakini alikuwa amekwisha sema neno, na neno lake lilikuwa limesimama peke yake uwanjani. Akaazima gari ya Bethuel, akaenda Saltley.

Nyumba ilikuwa kwenye safu ya nyumba zilizoshikana, nyuma ya maduka ya Alum Rock Road. Mama mtu, Dative, mwenyeji wa Bukavu, alifungua mlango akiwa na kitenge cha kanisani na kandambili. Alimkaribisha, akamkalisha, akamletea chai. Adabu yake ilikuwa kamili na baridi. Fortunée alikuwa ngazini, amekaa na kitabu, hakuinuka.

"Mama Fortunée," alianza Mwinjuma, "tumemngoja mtoto leo. Kulikoni?"

"Munamungoja juu ya nini?" akauliza Dative. "Si munamutosha?"

"Ndiyo, mama. Anatosha."

"Voilà. Basi munakuya kututoshea tena mu nyumba?"

Mwinjuma akabaki na kikombe mkononi. Walikuwa wanasema Kiswahili wote wawili, kila neno analisikia, na hapakuwa na kinachoeleweka. Dative akawasha simu yake, akamwonyesha ule ujumbe. Alinyoosha kidole kwenye neno moja, kisha kwenye viatu vilivyokaa mlangoni.

"Ni macho yangu, ama? Tosha. Kama mutu anasema tosha bilatu mulangoni, bilatu binabakia? Banasema Fortunée, tosha. Atoke. Na asanteni juu yake."

Hapo ndipo Mwinjuma alipoelewa, na moto ukampanda masikioni. Kwa Wakongo kutosha ni kutoa, ni kuondoa. Bethuel aliandika binti amefaa. Mama akasoma mtoto ametolewa. Neno lake mwenyewe Mwinjuma, lile alilolipima wikiendi tatu mvuani, lilikuwa limefika mlangoni limegeuka kuwa fimbo.

Akaeleza. Akaeleza tena polepole. Kwetu Unguja, kwa Wakenya, tosha maana yake amefika kipimo, hakuna wa kuongeza. Dative alimsikiliza, midomo imebana, halafu akakaa chini kwenye kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo bila kuonywa.

"Lakini mama," Mwinjuma akasema, na sasa kilichomuuma kilikuwa kingine, "mbona hamkuuliza? Mngepiga simu tu, mkauliza kwa nini."

Dative alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kuuliza? Papa, sisi banatutosha tangu Bukavu. Banatutosha mu kambi, banatutosha mu nyumba ya Sheffield, ile ya Coventry. Kila mara ni barua, kila mara banaandika asante. Unaulizaka nani?"

Fortunée akasema kutoka ngazini, kwa sauti ya chini, "Na mi nilijua ni wewe, papa. Uliniambia sirudiaka."

Mwinjuma aliweka kikombe chini, akatoka nje akampigia Bethuel. Alimweleza yote.

"Wacha!" akashangaa Bethuel. "Mimi nilitaka kumfurahisha huyo mama." Halafu akavuta pumzi. "Majina yanaenda ofisini saa kumi. Bado naweza badilisha. Lakini niambie ukweli, mzee, si huruma. Kwa mchezo peke yake, nani?"

"Fortunée."

"Hata kama Charity ashavaa jezi?"

"Hata kama."

"Sawa. Lakini ni neno lako. Kwa hivyo ni wewe utamwambia."

Wakaondoka wote watatu. Dative alikaa mbele, mkoba magotini, ametazama barabara. Fortunée alikuwa nyuma anafunga viatu, gongo limelala kwenye mapaja. Walipofika kwenye taa za barabarani aliuliza:

"Nani banaweka pa nafasi yangu?"

"Binti mmoja. Charity."

"Ashajua?"

"Bado."

Fortunée akakaza kamba ya kiatu. "Umuambie na kinywa, papa. Usimutumie message."

Uwanjani mvua ilikuwa imeacha kidogo. Bethuel alimpokea Dative, akashika mikono yake miwili akimwomba radhi, na Dative akaanza kucheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Fortunée alisimama kando na gongo lake, anangoja. Mwinjuma akawapita, akaelekea upande wa pili ambako Charity na wazazi wake walikuwa wamesimama mbele ya goli. Goti lilimuuma kila hatua na hakulitafutia nafuu. Mama yake Charity alimwona anakuja, uso ukamkunjuka, akamnyooshea kamera.

"Mzee wetu, tusaidie. Tupige moja sisi watatu, na jezi ionekane."

Wakasogeleana. Baba akaweka mkono begani mwa mwanawe, Charity akaivuta jezi chini isijikunje. Mwinjuma aliipokea kamera, akawatazama. Akamrudishia mama kamera yake bila kupiga picha.

Charity aliacha kutabasamu kabla Mwinjuma hajasema lolote.