Niliflash Nikiwa Baa

Admin, jina langu liache nje ya haya. Majina ya wenzangu nimeshayabadilisha. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu, niko na mke na watoto watatu wakubwa, na nimeishi Kitengela tangu enzi za kufungua mlango asubuhi na kuona pundamilia. Hapa mtaani naheshimiwa. Wamama waliochoshwa na waume walevi huwaleta kwangu niwaongeleshe. Huwa nacheka peke yangu nikikumbuka hilo, na si kicheko kizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa marafiki watatu tuliokunywa pamoja. Mutua alikuwa fundi wa kuchomelea, na mageti mengi ya wakati ule ni kazi ya mikono yake. Barasa alikuwa karani katika ofisi moja huko Kajiado, na aliishi huko huko. Mimi nilikuwa storekipa kiwandani. Siku moja mke wa Mutua alichoka, akafunga mizigo, akachukua watoto kwenda kwao Ukambani. Alimwambia mbele yetu, "Ukimaliza mwaka mzima bila kuonja, nitarudi. Ukionja, usinitafute." Mutua alilia, na sisi tuliokuwa tukimnunulia tukakosa pa kuangalia. Ndipo tukakubaliana kuacha sote watatu, kila mmoja amlinde mwenzake.

Simu za mkono zilikuwa zimeingia, ila kuongea kulikuwa ghali, kwa hivyo watu waliflash: unapiga, inalia, unakata kabla haijashikwa. Barasa ndiye alitunga sheria yetu. Kila siku saa moja jioni, kila mtu awaflash wenzake. Flash moja maana yake leo sijaonja. Flash mbili, nimebanwa, njooni. Aliye karibu anaenda hapo hapo, bila maswali. Kutoka kwangu hadi kwa Mutua ni dakika kumi kwa miguu, kwa hivyo aliye karibu nilikuwa mimi.

Miezi minne ya kwanza sitaisahau. Nilikula chakula cha jioni na watoto wangu, kitu ambacho hawakukizoea. Mwende, kifungua mimba wangu, alikuwa ananiletea simu ikikaribia saa moja na kuniambia, "Baba, flash." Nilianza kujiona mtu.

Mwezi wa tano nilionja. Nilijiambia ni moja tu. Saa moja ikanikuta baa, nikatoka nje, nikawaflash mara moja moja, nikarudi kwenye kiti changu. Hakuna aliyejua. Flash haina harufu, ndugu zangu. Kesho yake nikarudia, na baada ya wiki mbili sikuwa hata nasita.

Mutua alikuwa amefikisha miezi kumi na moja. Jioni moja alipata maneno kutoka Ukambani kwamba wakwe hawatamruhusu binti yao arudi, hata huo mwaka akiumaliza. Hayo niliyajua baadaye. Nilichojua mimi ni kwamba nilikuwa na chupa ya tatu mezani, nimeshaflash moja yangu, na jina lake likaonekana kwenye simu. Ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika.

Nilifikiria haraka sana kwa mtu aliyelewa. Nikienda, atanisikia harufu. Nikipiga, atasikia kelele za baa. Barasa akanipigia, nikatoka nje kushika.

"Umeona ya Mutua? Uko wapi?"

"Niko njiani, nakaribia kwake."

"Asante Mungu. Nilikuwa naenda stage kutafuta gari."

Nikarudi ndani, nikaagiza nyingine.

Mutua alinisubiri kwenye geti lake karibu saa nzima. Kisha akaenda kwa mama pima, muuza pombe haramu nyuma ya soko. Chang'aa ya siku hiyo ilikuwa imechanganywa na kitu. Watu wawili walizikwa. Mutua aliamka asubuhi akauliza jirani kwa nini hakuchi. Hajaona tena hadi leo.

Hospitalini nilimwambia nilifika nikakuta ameshatoka. Alipapasa kitanda mpaka akaupata mkono wangu. "Usijihukumu, Baba Mwende," akasema. "Nilijua utakuja. Ni mimi nilikosa subira." Nikamvutia blanketi, nikamwambia alale.

Mkewe alirudi, lakini alirudi kumshika kipofu mkono. Barasa ugonjwa wa sukari ulimchukua, tukabaki wawili. Mutua hajaonja tangu siku hiyo. Kila saa moja jioni, mpaka leo, ananiflash mara moja kwa simu yake ya vibonyezo, na mimi namjibu mara moja. Siku zingine ni kweli. Nyingi si kweli.

Sasa ameanzisha kikundi kama chetu kanisani, cha vijana wa bodaboda wanaomalizwa na pombe. Jumapili iliyopita aliniita mbele bila kunionya. "Huyu ndiye mzee wenu," akawaambia. "Miaka yote hii hajawahi kuniflash mbili. Mkibanwa, mwiteni yeye." Wakapiga makofi, wakaandika namba yangu. Tangu Jumatatu ikifika saa moja simu yangu inalia mfululizo, na ninaziogopa zile mbili.

Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemvunjia kitu pekee alichobaki akiegemea, na ni mzee sasa. Nikinyamaza, kuna kijana atasimama kwenye geti akinisubiri. Mke wangu nimejaribu kumwambia mara tatu, nikaishia kuomba chai.

Leo nimekunywa tangu saa tisa. Mutua ameshaflash moja yake na anangoja yangu. Nimeshika simu, na kwa mara ya kwanza nataka kupiga mbili. Lakini sheria ni aliye karibu aende, bila maswali, na aliyebaki karibu nami ni yeye tu. Namjua, atachukua fimbo yake aje, avuke barabara kuu ya Namanga peke yake akinitafuta.

Niambieni, ninyi mnaosoma. Nipige ngapi?