Malkia Amekataa Darasa

Mbwa wangu, Malkia, amekataa mahali tulipohamishiwa, na naanza kumwamini.

Asubuhi ziwa liliingia jikoni. Nilibeba watoto wake watano kwenye karai la samaki wa omena hadi shule ya msingi, ambako chifu alituambia tukae.

Malkia alinusa sakafu ya darasa, kisha akaanza kuwatoa watoto, mmoja mmoja, kuwapeleka juu barabarani.

Nilimrudisha mara mbili.

"Mwache, Bwana," akasema jirani yangu, Mama Akinyi. "Hata kwako alianza kuhama jana. Si ni wewe ulifunga mlango?"

Ni kweli.

Saa nane nilichomeka kijiti kwenye lango la shule kupima maji. Kilikuwa mahali pakavu.

Saa tisa kimezungukwa na maji.

Chifu hapokei simu. Aliye karibu naye amwambie tunamfuata mbwa.