Kabuti la Kukamulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mtu mwingine. Zilikuwa gambuti nyeusi za karani wa stoo, mtu mwenye miguu mikubwa, nami nilizijaza magazeti kwenye ncha ili zisinivuke. Afisa wa Mifugo wa pale Thika, mzungu mwenye nyusi nyekundu, alinitazama kutoka juu hadi chini, akanirushia kaptura ya kaki na dastikoti nyeupe.

"Hii hapana badilisha-badilisha," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Ng'ombe hapana ogopa mtu. Yeye naogopa nguo mpya."

Nilidhani ananitania. Mimi ni mtu wa Kimilili, nimezaliwa kati ya ng'ombe, na kwetu hakuna aliyewahi kunifundisha kuvaa kwa ajili yao. Kumbe mzungu alikuwa amesema kweli tupu.

Ninyi mnaofuga siku hizi mnanunua ovaroli dukani ikiwa bado na mikunjo. Miaka ya hamsini mwenye shamba dogo hakuwa na nguo za kazi. Alikuwa na nguo zilizozeeka. Shati la kanisani likichakaa kola liliteremka likawa la shambani, likipasuka mgongoni likawa la zizini, na mwisho likawa kitambaa cha kufutia kiwele. Miguuni walivaa akala, ndala za tairi la gari, ambazo kwenye matope ya zizi huteleza kama sabuni. Mvua ikinyesha, gunia lilikunjwa kona moja ndani ya nyingine, likavaliwa kichwani na kufunika mgongo. Kazi yangu ilikuwa kukagua hayo yote kabla maziwa hayajapelekwa kituoni: mikono, ndoo, nguo. Mavi yaliyokauka kwenye mkono wa koti hudondoka ndani ya ndoo, na maziwa huchacha kabla hayajafika mjini.

Kaki yangu nayo ilikuwa na kazi ambayo mimi sikuajiriwa kuifanya. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari wa serikali ya kikoloni wakikamata watu, nao pia walivaa kaki. Mtu wa kaki akitokea njiani, mazungumzo yalikatika. Nilipiga hodi, nikakaribishwa kwa adabu, nikaonyeshwa ng'ombe, nikaagwa. Hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Chumba changu cha mabati nyuma ya ofisi kilikuwa na kitanda, jiko la makaa na mimi. Kuna wiki nilizungumza na ng'ombe zaidi kuliko na watu, na niseme ukweli, ng'ombe walinijibu vizuri zaidi. Upweke ule ulinikondesha.

Nilipohamishwa Ruiru nikawa chini ya Inspekta wa Maziwa, Mwafrika mwenzangu, mnene, mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini. Katika mashamba ya upande wa juu, kuelekea Githunguri, tulimkuta Mama Wairimu akimkamua ng'ombe wake chotara akiwa ndani ya kabuti la jeshi. Lilikuwa la mumewe. Alirudi nalo kutoka vita vya Burma, akalifanya vazi la zizini mpaka siku askari walipokuja kumchukua kumpeleka kizuizini. Kwa mama yule lilifika kwenye vifundo vya miguu. Lilikuwa gumu kwa mavi, maziwa makavu, moshi na jasho. Ungeliweka chini lingesimama lenyewe.

"Hiyo nguo ifuliwe," Inspekta akasema. "Au ichomwe."

Mama hakuacha kukamua. "Hii ng'ombe inajua harufu ya mwenyewe, bwana. Nikivaa ingine, inaficha maziwa."

Inspekta hakubisha. Kila mkamuaji analijua jambo hilo: ng'ombe asipotulia hateremshi maziwa, hata umkande chuchu mpaka vidole viume, na wengi hutulizwa na nguo waliyoizoea. "Ni kweli," akasema, "lakini uchafu ni uchafu. Kijana, utarudi wiki ijayo. Ukilikuta halijafuliwa, maziwa yake hayapokelewi tena kituoni."

Mama Wairimu aliinamisha kichwa ubavuni mwa ng'ombe. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakimweka hai yeye na watoto wake, na sisi wote watatu tulilijua hilo.

Nilirudi asubuhi ya mvua. Ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo, kwa hiyo Mama Wairimu hakunisikia nikiingia zizini. Kabuti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, mbali na pale palipokuwa pakivuja. Mama mwenyewe alikuwa na gauni tu na gunia kichwani, na maziwa yalikuwa yakishuka chwa, chwa, povu limefika ukingoni. Ng'ombe alikuwa akicheua, macho nusu yamefumbwa.

Alipogeuka na kuniona aliikumbatia ndoo. Nililitazama kabuti, nikamtazama ng'ombe.

"Leo imekubali," akasema polepole.

"Naona, mama."

Kisha akasema bila kuniangalia: "Wengine wanarudi. Huyu wangu sijasikia hata neno. Hapo kwa kola bado iko harufu yake. Nikifua hiyo kitu, nitabaki na nani?"

Nilikuwa kijana, sijaoa, na tangu nitoke kwetu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno la moyoni. Niliokota kigoda nikaketi. Yeye akachota maziwa ya moto kwa kikombe, akanipa, akaniuliza kwetu ni wapi.

Inspekta nilimwambia kwamba ng'ombe yule ni mkaidi, bila kabuti hataki. Nikaomba aproni nyeupe ya amerikani, kitambaa cha pamba, ndefu, yenye mikono, ivaliwe juu ya kabuti na kufuliwa kila siku.

Alinikazia macho. "Ng'ombe mkaidi," akasema. "Haya. Weupe uwe juu."

Baadaye nilirudishwa Thika, kwenye kazi ya josho, kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Sikusikia kamwe kama mume wa Mama Wairimu alirudi. Nimewahi kuwa chini ya maafisa wengi tangu hapo, wakali kwa wapole, na nyuso zao zimenitoka. Kabuti lile halijanitoka.

Nilipostaafu nilijenga hapa Kalimoni pamoja na mke wangu, Nekesa. Yeye ndiye aliyekuwa mkamuaji, na nguo yake ya zizini ilikuwa sweta ya rangi ya damu ya mzee, iliyotoboka viwiko. Sasa ni miaka mitatu tangu tumzike. Nguo zake nyingine ziligawiwa jamaa kama ilivyo desturi. Sweta naivaa mimi kila asubuhi. Vifungo havifiki, na majirani hucheka wakiniona. Nami huwaacha wacheke.

Juzi binti yetu Nafula alikuja kutoka Ngoingwa kunisaidia kusafisha zizi. Akaitoa sweta kwenye msumari, akaikunjua.

"Baba, hii imeoza kwa uchafu. Wacha niende nayo nikaifue."

"Iache hapo," nikamwambia. "Ng'ombe huyu hakubali kukamuliwa bila hiyo."

Nafula alimtazama ng'ombe. Mimi naye ndio tuliokwenda kumnunua kule Juja, mwaka mmoja baada ya kumzika mama yake. Kisha akairudisha sweta kwenye msumari, akaisogeza kidogo, mbali na pale panapovuja.