Rupia ya Mnada wa Mavuno

Kanisani kwetu Isingiro, sadaka ya mavuno hunadiwa. Ibada ikiisha tunasimama uwanjani, na mwinjilisti anainua kimoja kimoja: mkungu wa ndizi, debe la maharage, kuku aliyefungwa miguu. Mwaka juzi bibi mmoja alitoa rupia ya Mjerumani, aliyoiokota akichimba shimo la mgomba.

Mimi nilikuwa nimetoka Nyaishozi, nilikoolewa, kuja kumwona Mama. Watu wananijua kwa ugonjwa wangu wa sarafu za zamani, nazinunua minadani kama wenzangu wanavyonunua vitenge, kwa hiyo mwinjilisti alinipa niikague. Kichwa cha mfalme kilivaa kofia yenye tai juu yake. Ukingo ulikuwa na mistari, bila alama ya kuungwa. Niliiweka juu ya ncha ya kidole, nikaigonga kwa sarafu nyingine, ikalia vizuri. Na ilikuwa nyeusi sawasawa, weusi wa fedha iliyolala ardhini miaka mingi, ambao ndio wajuzi wanaoulipia. Nikatangaza kwamba ni halisi na haijawahi kusuguliwa.

Laiti ningefunga mdomo. Huku kwetu ukitaja rupia, watu wazima na akili zao wanaanza kuota utajiri. Kaka yangu, anayeishi na Mama na kumlimia kibanja, alishindana na mwalimu mstaafu mpaka bei ikafika ya ng'ombe. Nilimvuta shati.

"Dada, wewe unaona sarafu," akaninong'oneza. "Mimi naona bati jipya la nyumba ya Mama."

Rupia ikawa yake, lakini hela hakuwa nayo. Kesho yake alimwendea mfanyabiashara mmoja akauza kahawa ya Mama butura, yaani ingali maua mtini, yote, bila kumwambia mwenyewe. Walikubaliana kwamba akirudisha hela kabla ya Jumapili, kahawa inabaki yetu. Nilipojua nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Kisha nikafanya lililowezekana: nikapiga picha, nikamtumia mnunuzi wa Murongo ninayemwamini. Alitaja bei ya kuikomboa kahawa na kubaki na chenji kidogo. Akasema atakuja Ijumaa. Kaka aliifunga rupia kwenye kitambaa, akaiweka kabatini, na nilimwonya asiiguse. Hakuigusa, hilo namshuhudia.

Ijumaa mgeni alishuka kwenye bodaboda, akamwamkia Mama shikamoo, akakaribishwa kitini. Mama akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni wa heshima. Juu ya zile punje aliiweka rupia. Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi.

Mgeni alichukua punje moja, akatafuna polepole. "Mama, umeiosha?"

"Kwa majivu na ndimu, mwanangu. Ilikuwa chafu mno. Ningekupaje kitu cha aibu?"

Aliigeuza dirishani. Macho ya mfalme yalikuwa yamefutika na uso mzima umejaa mikwaruzo. Alinitazama mimi, si Mama, akataja bei ya fedha ya kuyeyusha, isiyotosha kuikomboa kahawa. Sikubishana naye, kwa sababu hata mimi nisingetoa zaidi. Mama alimfungia ndizi mbivu za njiani.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Tulikaa uani, kaka na mimi, tukakubaliana kwamba mmoja wetu atamwambia Mama kuhusu kahawa. Nilimngoja yeye, naye aliningoja mimi. Miezi ikapita na kahawa ikaiva.

Wachumaji wa yule mfanyabiashara walikuja na magunia yao alfajiri, nami nilikuwapo, nimekuja tena kumwona Mama. Mama alifurahi. Alifikiri ni marafiki wa kaka waliokuja kumsaidia kuchuma, maana mgongo wake hauinami tena. Aliwapikia ndizi kwa maharage, akawaombea kwa Mungu kabla ya kula, na wale vijana wakaitikia amina wakitazama sahani zao. Kaka alikuwa nyuma ya nyumba, hakuja kula.

Walipoanza kushona midomo ya magunia, Mama alitoa majamvi yote ndani, akayatandika uani, akayafagia moja moja. Kisha akaniita nikawaambie wasihangaike kushona, wamwage tu hapa ianikwe, jua bado lipo.